UZI: Tumeonyesha filamu fupi za vijana wetu uani Katuba, na mama muuza makala (makaa ya kupikia) akaisahihisha filamu yake mbele ya watu wote

Mwana wa Katuba

Habari za kwenu nyote, wa Lubumbashi na wa mbali. Jumamosi iliyopita tulikusanyika katika ua wa nyumba moja hapa mtaa wa Katuba kuangalia filamu saba fupi. Zote zimepigwa na vijana wa mji huu, na kwa wengi wao ilikuwa mara ya kwanza kazi yao kutazamwa na watu wasiokuwa rafiki wala ndugu. Niliwaahidi wenzangu kwamba nitaandika yaliyotokea. Mnivumilie kwa urefu, maana kuna jambo limenikaa moyoni tangu usiku ule na nataka tulizungumze humu kwa makini.

Jambo lenyewe ni hili: filamu iliyopigwa mtaani ionyeshwe kwanza mtaani, mbele ya walewale waliopigwa, kabla haijatumwa Kinshasa wala Ulaya wala kwenye shindano lolote. Zamani nililiona kuwa jambo la adabu tu. Sasa naona ndipo filamu inapojulikana kama inasema kweli.

Nianze na usiku wenyewe. Tuko kiangazi, na mnaoijua Lubumbashi mnajua baridi ya mwezi wa sita na wa saba inavyouma, maana mji uko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Watu walikuja na mablanketi. Mama mwenye ua aliwasha mbabula tatu, yaani majiko ya makaa, akazipanga upande ambao upepo ulikuwa unaelekea, ili moshi usikatize mbele ya mwanga wa projekta. Hilo alilifikiria yeye. Sisi tuliojiita waandaaji halikutujia kabisa. Viti vilikuwa vya plastiki, vingine kaze (kreti) za bia zilizogeuzwa, na benchi nne tuliazimwa na kanisa la jirani. Kulikuwa na karanga za kukaanga na munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi. Kiingilio hakuna.

Ekrani yetu ilikuwa mashuka mawili meupe yaliyoshonwa pamoja. Mshono ulishuka katikati, kwa hiyo kila uso uliposogezwa karibu na kamera ulipata mstari kuanzia kipaji cha uso hadi kidevuni. Filamu ya pili haijafika nusu, umeme ukakatika. Tukawasha jenereta tuliyoazima saluni, lakini ralonji (waya wa kurefushia umeme) ilikuwa fupi, jenereta ikabaki karibu mno, na maneno ya waigizaji yakamezwa na ngurumo yake. Watoto walianza kupiga kelele, wazee wakaanza kuinuka. Kijana mmoja akaivuta jenereta hadi nyuma ya choo cha jirani, akaizungushia matofali pande tatu, kukawa na nafuu. Hakuna aliyeondoka.

Sasa filamu. Sitazipitia zote. Tatu kati ya saba zilianza na picha ya lile bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, na mlima wake mweusi wa takataka za madini. Nawaambia waliozipiga kwa upendo: sote tunalijua lile bomba. Tunaliona tukienda shule, tukienda kuzika, liko kwenye vitambaa na kwenye michoro ya kuuza. Mtu wa Katuba akiliona kwenye ekrani hapati habari yoyote. Picha ile mmempigia mtu ambaye hajawahi kufika hapa, na watu waliokuwa uani walilihisi hilo, walinyamaza kama wanaosubiri mgeni amalize salamu.

Iliyonifurahisha kwa kazi ya mkono ni ya binti mmoja aliyechora kwa kipande cha makala kwenye ukuta wa kwao, anafuta, anachora tena, anapiga picha moja moja kwa simu. Picha 12 kwa kila sekunde ya filamu. Dakika mbili na nusu zilimla mwezi mzima, na ukuta wa baba yake umebaki wa kijivu. Njia hiyo ina wakubwa wake mjini kwetu: Frank Mukunday na Tétshim walihuisha mawe na chaki katika Machini ya mwaka 2019, na ile filamu ilitembea dunia. Huyu binti hakujifunza kwa mtu. Aliiona mara moja, akarudi nyumbani, akatafuta ukuta.

Lakini iliyoniamsha kuandika uzi huu ni ya dakika tisa, inamhusu mama anayeuza makala soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi.

Inaanza alfajiri kwenye barabara ya Kasenga, baiskeli zinaingia mjini zimebeba magunia, mwendeshaji hapandi, anasukuma, kichwa chake hakionekani nyuma ya mzigo. Halafu tunamwona mama sokoni anapima makala kwa mikebe. Halafu usiku, amekaa kitandani, simu ameibana kwa meno ili imulike, anahesabu makuta, yaani pesa. Noti zilizochakaa anaziweka ndani, zilizo nzima anazifunika juu. Kamera haisogei. Anataja bei anayonunulia gunia, anataja inayobaki, halafu anatenga fungu moja na kusema neno, na maandishi ya Kifaransa chini yanatafsiri kwamba hizo ni pesa anazodaiwa.

Mama mwenyewe alikuwepo. Amekaa safu ya tatu, juu ya kaze, mjukuu mapajani. Filamu ilipokwisha watu wakapiga makofi, yeye akainua mkono kama mwanafunzi. Tukampa mikro. Nanukuu kama alivyosema:

"Mwanangu, filme ni ya muzuri. Lakini ile bei niliyosema haiko ya kweli. Ile siku nilikubongopea. Niliona ule kijana mwenye kitabu na kalamu, nikawaza banatoka ku taksi."

Taksi kwetu ni kodi. Ua mzima ukacheka, naye akacheka. Kisha akaacha kucheka.

"Na ingine. Mutoto wa jirani amenisomea ile maandishi ya chini. Inasema niko na deni. Mi sina deni ya muntu. Ile makuta ni ya likelemba. Tuko banamuke kumi na mbili. Mwezi ule nilikuwa naangojea zamu yangu."

Kwa wasomaji wa mbali: likelemba ni kile mnachokiita mchezo au upatu. Mnachanga, kila mzunguko anapokea mmoja. Mwanamke aliye kwenye likelemba ya watu kumi na wawili ni mwanamke anayeaminika na kumi na mmoja wengine. Filamu ilikuwa imemgeuza mdaiwa.

Na ile filamu, ndugu zangu, ilikwishatumwa nje. Kuna watu mahali fulani wamekaa kwenye viti vizuri wakamhurumia mama huyu kwa deni ambalo hana, wakaamini bei aliyoitaja kumkwepa mtoza kodi. Hakuna mmoja wao angeweza kugundua. Aliyeweza alikuwa amekaa juu ya kaze ya bia Katuba, na hakuna aliyekuwa amemwonyesha.

Karibuni mchangie.

---

Fundi Sauti wa Kampemba

Yaya, asante kwa kuandika. Nilikuwepo, nilisimama karibu na bafle (spika) ya kushoto. Nina mawili.

Kwanza, vijana, picha zenu zimefika mahali pazuri. Simu za sasa zinapiga picha ambayo miaka kumi iliyopita tungekodisha kamera kuipata. Sauti bado. Katika ile filamu ya wachezaji mpira wa mtaani, nilisikia upepo kuliko watoto. Huna mikro ya kufunga kwenye nguo? Chukua simu ya pili, iweke kwenye mfuko wa shati wa anayeongea, washa kinasa sauti, piga kofi moja mbele ya kamera. Ukija kuunganisha, lile kofi linaonekana kwenye picha na linasikika kwenye sauti, unavilinganisha hapo. Na kabla hamjaondoka mahali, nyamazeni wote, nasa nusu dakika ya mahali penyewe. Kila mahali pana ukimya wake. Soko la Kenya likitulia halifanani na mtaa wa Ruashi ukitulia, na ukikata maneno bila kuweka kitu chini yake, masikio ya mtu yanaanguka kwenye shimo.

Pili, ekrani. Msishone tena mashuka. Yule anayechapa mabango ya harusi na matanga huwa na vipande vyeupe vilivyoharibika upande mmoja, anauza kwa bei ndogo. Geuza upande safi. Hakuna mshono, na mwanga haupenyi kwenda nyuma kama kwenye shuka.

Kuhusu hoja yako kubwa nakubali, na naongeza: hata kwa sauti ni vivyo hivyo. Mimi nimezoea kusafisha sauti ili "ieleweke". Yule mama aliposema "nilikubongopea" bila mashine yoyote, kila mtu alielewa.

---

Dada Mpiga Picha

Ni mimi niliyeipiga filamu ya makala. Nimekaa siku tatu nikifikiri kama niandike.

Nilimfuata yule mama kwa wiki mbili. Nilikuwa nafika kwake kabla jua halijatoka. Alinipikia bukari, alinifundisha kutambua makala ya mti mzuri kwa kuigonga: iliyoiva vizuri inalia kama chuma, mbaya inavunjika kimya. Kwa hiyo usiku ule niliposikia "nilikubongopea" mbele ya watu, nilitamani mwanga uzimike. Nilidhani ananiaibisha. Nilipomsindikiza nyumbani ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa ananifanyia kazi yangu.

Bei ile ni kosa langu la kwanza. Kijana wa kitabu na kalamu alikuwa msaidizi wangu, anaandika namba za picha. Sikumweleza mama yule ni nani. Wiki mbili nakaa kwake na sikumweleza.

La pili ni zito zaidi na nitalisema wazi. Neno likelemba nalijua tangu utotoni, mama yangu amenisomesha kwa likelemba. Na Kifaransa kina neno lake, tontine. Sikukosa tafsiri. Nilipokuwa naandika yale maandishi ya chini nilikuwa natazama fomu ya shindano la nje, na nilijua "deni" linaeleweka haraka, na linagusa. Mstari mfupi, mtu anahuzunika, picha inaendelea. Nikaandika deni. Nilimfikiria mtu wa mbali ambaye simjui, nikamsahau niliyekula naye.

Nimekwishabadilisha. Nimewaandikia pia wale niliowatumia, nikawaomba waitumie nakala mpya. Na nitarudi sokoni kumwonyesha mama filamu nzima kwa utulivu, yeye peke yake, bila makofi ya watu.

---

Mzee wa Kamalondo

Binti yangu, umesema vizuri, na hukuhitaji kuona aibu. Ngoja niwape vijana historia kidogo.

Sinema mji huu haikuanza kwa sisi kujitazama. Mwaka 1945 utawala wa Wabelgiji ulitoa amri kwamba Mwafrika asiangalie filamu ila iliyopitishwa na kamati ya ukaguzi. Marehemu baba yangu alikuwa mfanyakazi wa Union Minière, kampuni ya madini ya Wabelgiji, alikuwa akinisimulia jinsi walivyokusanywa kambini jioni, shuka limefungwa kwenye miti, wanaonyeshwa filamu za kuosha mikono, kulea mtoto, kuwa mfanyakazi mwema. Mtu mmoja anasimama pembeni na kueleza kwa Kiswahili. Baba alikuwa anasema: tulikuwa tunamsikiliza yule mweleza kuliko picha, maana alikuwa anaongeza yake. Kwa hiyo mnaposema mtaa uijibu filamu, ujue mtaa umekuwa ukijibu siku nyingi, ila zamani hakuna aliyeandika majibu.

Halafu tukapata watu wetu wa maigizo. Mliozaliwa juzi hamjui kundi la Mufwankolo lilivyokuwa kwetu, kwenye redio na kwenye televisheni. Walikuwa wanaigiza kwa Kiswahili cha hapa hapa. Mwaka 1986 walichukua usemi mmoja wa Kifaransa unaosema utawala huliwa mzima, wakakaa wakaujadili, mmoja anauelewa hivi, mwingine vile, na kutokana na ubishi huo wakajenga mchezo mzima bila mtu kuandika maneno ya kukariri. Kila mmoja alijua anachotaka kusema, akakisema kwa kinywa chake.

Nawaambia hili kwa sababu ile filamu yenu ya mume na mke wanaogombana juu ya maji, yule kijana alikuwa anasoma. Namsikia kabisa anasoma. Hakuna mume wa Kamalondo anayemwambia mkewe "kwa nini hujaniarifu." Anasema "ju ya nini haukuniambia." Mpeni ugomvi, mnyang'anyeni karatasi.

---

Mwana wa Katuba

Muzee, asante sana. Hilo la karatasi nimelipeleka kwa aliyeipiga, amesema ataipiga upya ile sehemu.

---

Mtu wa Ziwa (Bukavu)

Salamu kutoka Bukavu. Sisi huku tunajivuna na mwongozaji Mweze Ngangura, aliyezaliwa hapa mwaka 1950. Mwaka 1999 aliipa Kongo Étalon de Yennenga, tuzo kubwa ya tamasha la filamu la FESPACO kule Ouagadougou, kwa Pièces d'identités. Na ninyi mna Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, aliyetuzwa Cannes mwaka 2023 kwa filamu yake Augure. Kwa hiyo kwenda nje si dhambi, na najua hamkusema hivyo.

Lakini nina pingamizi, na naomba mlichukue kwa uzito. Huku kwetu, na Goma zaidi, filamu nyingi za vijana ni za watu walioumizwa. Mwanamke anasimulia aliyotendewa. Kijana anasimulia alivyotoroka kwenye kundi la silaha. Ukiionyesha filamu hiyo kwanza mtaani kwake, jirani ataona, na jirani ana ndugu, na huyo ndugu ana bunduki. Mimi mwenyewe niliwahi kumpiga mama mmoja picha mgongo tu, sauti tumeibadilisha, na bado mtoto wa mtaa wake aliitambua kanga. Kanga tu. Tuliifuta ile sehemu usiku huohuo.

Kwa hiyo "mtaani kwanza" ni kanuni nzuri kwa filamu ya makala. Kwa hizi zetu inaweza kuua.

---

Mwana wa Katuba

Kaka, umenifunga mdomo, na afadhali umesema. Niliandika nikiwa na ua wa Katuba kichwani, ambako jambo baya zaidi lililoweza kutokea ni mvua ya aibu kidogo. Naondoa neno "mtaani" kama sharti. Nabakiza "waliopigwa". Wao waone kwanza, hata ikiwa ndani ya chumba kimefungwa, mtu mmoja na simu moja, pazia limeshushwa. Na wawe na uwezo wa kusema toa hii. Hiyo kanga, nadhani mama mwenyewe ndiye angekuwa wa kwanza kuiona kama mngemwonyesha.

---

Mtu wa Ziwa (Bukavu)

Angeiona mara moja. Alikuwa amepewa na dada yake. Sisi tuliiona ni kitambaa.

---

Shangazi wa Ng'ambo ya Bandari

Mimi niko Unguja, nimeusoma uzi huu wote tangu juu na chai imenipoa. Naomba niseme mawili matatu.

Kwanza Kiswahili chenu. Kuna wenzangu huku wakisikia "banamuke" na "ile makuta" husema si Kiswahili. Mimi nimemwelewa yule mama neno kwa neno, na "nilikubongopea" imenikaa. Tafadhalini, mkiweka maandishi chini kwa ajili yetu sisi wa pwani, wekeni, lakini sauti yake msiiguse. Tutazoea. Mbona tulizoea filamu za kila nchi.

Pili, tamasha la filamu la ZIFF hapa kwetu, ukiacha maonyesho ya Ngome Kongwe, kwa miaka mingi limekuwa na utaratibu wa kupeleka filamu vijijini, Unguja na Pemba, ekrani inafungwa uwanjani na watu wanakuja na majamvi. Nilihudhuria mara moja nikiwa kwa wakwe. Nilichojifunza ni kwamba kina mama hawaongei wakiwa wamechanganyika na wanaume wengi nyuma yao. Siku ile mwongozaji alikwenda akakaa nao jamvini baada ya onyesho, akauliza hapo chini chini, ndipo maneno yakatoka. Huyo mama yenu wa makala ni jasiri. Wapo kumi wengine uani waliokuwa na la kusema na hawakuomba mikro. Watafuteni.

---

Mwana wa Katuba

Shangazi, umelenga. Niliyaangalia tena yale tuliyoyanasa: baada ya filamu saba waliopewa mikro ni watu kumi na wanne, wanawake watatu. Na uani wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume. Nimeumia kuona hivyo. Safari ijayo mikro itazunguka kidogo, halafu inazimwa, na sisi tunakaa kwenye mbabula pamoja na watu.

---

Kijana wa Ruashi

Mimi nilipiga ile ya maji, na nimekubali ya mzee. Lakini kuna jambo hamjaligusa. Matamasha mengine yanadai filamu iwe haijaonyeshwa popote hadharani. Nikiionyesha Katuba kwanza, si nimejifungia mlango? Nimetumia akiba yangu yote, naomba jibu la kweli, si la moyo tu.

---

Dada Mpiga Picha

Mdogo wangu, jibu la kweli ni kwamba inategemea, usome masharti ya kila tamasha mstari kwa mstari. Mengi yanayopokea filamu fupi hayajali sana hilo; yanayolia ni yale makubwa, na hata hayo kwa kawaida kinachowakera ni filamu kuwekwa wazi kwenye intaneti au kuoneshwa kwenye tamasha jingine. Onyesho la faragha kwa waliopigwa, bila tangazo na bila tiketi, kwa kawaida silo linalozuiwa. Ukiwa na shaka waandikie uulize, wanajibu. Mimi niliuliza wawili, wote walisema halina tatizo.

Na usiitundike kwenye YouTube kwa sababu ya haraka. Hapo ndipo milango inapofungwa.

---

Mjukuu wa Changa-changa

Naongeza kwa kijana wa Ruashi. Hapa mjini huko peke yako. Tangu mwaka 2008, kina Sammy Baloji (siye yule wa Augure) na Patrick Mudekereza walipoanzisha Rencontres Picha, ambayo sasa tunaijua kama Biennale ya Lubumbashi, maonyesho ya sanaa ya kila miaka miwili, kuna watu waliopita njia hiyo na wanajua kujaza hizo fomu. Nenda kaulize. Mimi niliogopa miaka miwili kugonga mlango, nikidhani ni mahali pa wasanii wakubwa tu. Nilipogonga nilipewa kiti.

Halafu kuhusu bomba la moshi, mimi ni mmoja wa wale watatu. Nimesoma, imeniuma, nimelala, nimeamka. Babu yangu alifanya kazi chini yake miaka thelathini na moja na hakuwahi kulitazama. Alisema shingo yake ilikuwa inatazama chini kwenye kazi. Nadhani filamu yangu ilitakiwa kuanzia kwenye shingo ya babu. Bado yuko hai. Nitampiga kabla mvua hazijaanza.

---

Mwana wa Katuba

Hiyo nitaisubiri. Mwonyeshe yeye kwanza.

---

Dada Mpiga Picha

Narudi kama nilivyoahidi. Jana jioni nilikwenda sokoni wakati wa kufunga. Nilikuwa na nakala mpya kwenye simu. Mama alifuta mikono kwenye kitambaa, akaishika simu kwa vidole viwili tu, pembeni, isichafuke. Aliangalia yote, kisha akasema rudisha mwanzo. Akaangalia mara ya pili.

Nilimwuliza kuhusu bei. Nilikuwa nimeandaa kuweka maandishi yenye bei ya kweli aliyonitajia baadaye. Akakataa. Akasema: "Acha ile ya bongo. Batu ba ku taksi nabo banaangaliaka filme." Kwa hiyo bei ya uongo imebaki, kwa ombi lake, na maandishi ya chini yanasema tu kile alichokitamka.

Likelemba aliitazama kwa muda. Hasomi Kifaransa, lakini nilimsomea: tontine. Akalirudia mara mbili tatu, akaniuliza kama ndiyo neno lile lile. Nikamwambia ndiyo. Akamwita mwenzake wa meza ya pili, mwuza sombe, akamwambia njoo uone, likelemba yetu iko mu filme.

Halafu aliomba nitoe kitu kimoja ambacho sikukitegemea. Ile picha ya usiku, anapohesabu makuta na simu mdomoni, nyuma yake kwenye ukuta kunaonekana kona ya sanduku la bati. Mimi sikuwahi kuliona. Yeye aliliona mara ya kwanza kule Katuba na hakutaka kulisema mbele ya watu. Ndipo anapoweka.

Nimeikata ile picha upande wa kulia. Mama yumo, simu imo, makuta yamo. Sanduku halimo.

---

Mwana wa Katuba

Jumamosi ya wiki ijayo tunaenda Ruashi, ua tumepata, tunaanza giza likiingia. Filamu ni tano, na kila aliyepigwa amekwishaona yake. Bango jeupe tumenunua kwa mchapaji kama fundi alivyotuelekeza, halina mshono. Tunachokosa ni ralonji ya mita hamsini ili jenereta ikae mbali. Mwenye nayo anijulishe humu, nitakuja kuichukua mwenyewe na nitairudisha Jumapili asubuhi.